Samaki Wakielea: Ni Kirusi, Hewa au Sumu?

Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakaelea matumbo juu. Kamati iliyoundwa na serikali ilirudi na jibu kwamba kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na majani yaliyooza bondeni, vilimaliza oksijeni ya maji. Nchi nzima ikabishana. Wengi walishaamini ni sumu, na jibu la ng'ombe halikuwaingia akilini. Novemba ya mwaka huohuo, upande wa Kisumu, wafugaji wa vizimba, yaani nyavu zinazoelea ziwani na kufugiwa samaki, waliamka na kukuta samaki wao wamekufa kwa wingi usiku mmoja, na mabishano yakaanza upya kwa lafudhi nyingine.

Siku hizi limeongezeka neno la tatu: kirusi. Mwalo wa Kirumba hapa Mwanza nilimsikia mama mmoja akimuuliza muuzaji, "Kaka, hawa sato si ndio wanasemekana wana kirusi?" Muuzaji akajibu haraka, "Hawa ni wa ziwani, dada, si wa kizimba." Mama akaridhika, akanunua wawili. Niliondoka pale nikijua kwamba swali lake lilikuwa la haki kabisa na jibu alilopewa halikuligusa. Samaki wa ziwani anaweza kubeba kirusi sawasawa na wa kizimbani. Halafu jambo alilolihofia mama yule, yaani kuugua yeye na watoto wake, si hatari ambayo kirusi hiki kinayo.

Virusi vya samaki wa kufugwa vipo. Vimeshafilisi watu Asia, Amerika ya Kusini na Afrika Magharibi, na kimojawapo kimeshaonekana katika Ziwa Victoria. Lakini tukiita kila kifo cha samaki "kirusi" tutashindwa kukitambua siku kitakapokuja kweli.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Bakteria ni kiumbe kamili, kidogo mno, chenye nyumba yake. Anakula, anakua, anazaana. Dawa za kuua bakteria hufanya kazi kwa kumbomolea ukuta au kumharibia vyombo vya ndani. Kirusi hakina nyumba wala jiko. Ni waraka wa maagizo uliofungwa ndani ya ganda. Kikiwa peke yake majini hakili wala hakizai. Kikiingia ndani ya seli ya samaki ndipo hufanya kama mgeni aliyevamia jikoni kwa watu na kumlazimisha mpishi apike chakula chake usiku na mchana, mpaka unga wa mwenye nyumba unaisha na nyumba yenyewe inaanguka. Kwa hiyo dawa ya bakteria haina ukuta wa kubomoa hapo.

"Ugonjwa unaoibuka" ni neno linalotisha kuliko linavyostahili. Ugonjwa unaweza kuitwa hivyo kwa sababu kirusi chake hakikuwahi kujulikana kabla, au kwa sababu kimetokea mahali ambapo hakikuwahi kuonekana, au kwa sababu kimehamia kwa aina ya samaki ambayo hakikuwa kikiisumbua. Mara nyingi kirusi chenyewe ni cha zamani sana, kilicho kipya ni mazingira. Mahali ambapo samaki mia walikuwa wametawanyika kwenye ghuba nzima, leo maelfu wanabanana ndani ya kizimba kimoja. Kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto shule ya bweni anaelewa: mtoto mmoja akiingia na surua kwenye bweni la vitanda themanini, habari zake si sawa na za mtoto mwenye surua katika boma lililo peke yake porini.

Neno la mwisho ni samaki mwenyewe. Tunapomtaja perege, sato au ngege, kulingana na upande wa ziwa uliokulia, tunamzungumzia samaki wa jamii ya tilapia. Anayefugwa zaidi ni sato wa asili ya Mto Nile. Ni samaki mvumilivu, anakula karibu kila kitu, anakua upesi, na kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa kwamba haugui. Sifa hiyo ndiyo iliyomsambaza duniani kote, na ndiyo iliyofanya watu wasiwe macho.

Kirusi chenye neno "ziwa" ndani ya jina lake

Kinachozungumzwa zaidi kwetu kinaitwa kwa kifupi TiLV. Jina lake refu la Kiingereza, Tilapia Lake Virus, lina neno "ziwa", na nimekutana na watu wasiopungua kumi wanaoamini kwamba ziwa hilo ni Victoria letu. Ni la mbali. Ni Ziwa Galilaya, lile la Petro na nyavu zake.

Wavuvi wa Galilaya walianza kuona perege wao wakipungua kwa kasi katika miaka ya kwanza ya karne hii, na kwenye mabwawa ya Israeli samaki wa kufugwa wakawa wanakufa kwa namna isiyoeleweka. Mwaka 2014 watafiti wa huko walitangaza kwamba wamekipata kirusi ambacho hakikuwahi kuandikwa popote. Kina vipande 10 vya vinasaba, kama kitabu kilichotenganishwa sura kwa sura, na katika vipande vyote hivyo ni kimoja tu kilichofanana, tena kwa mbali, na virusi vya mafua. Kufanana huko kumezaa uvumi mwingine, kwamba "ni mafua ya samaki, yatatuhamia kama ya ndege". Hapana. Ni undugu wa mbali wa ukoo, na kimewekwa kwenye familia yake chenyewe.

Wakati Israeli wakiandika, Ekwado ilikuwa na ugonjwa wa perege unaoharibu ini, na ulipopimwa ukakutwa ni kirusi hichohicho. Misri, nchi inayofuga perege wengi kuliko nyingine yoyote Afrika, ilikuwa na vifo vya kila kiangazi vilivyowachanganya wafugaji, na sehemu yake ikahusishwa nacho. Thailand walikuwa na jina lao la ugonjwa unaoua vifaranga ndani ya mwezi wa kwanza tangu wapandikizwe bwawani. Majina manne, nchi nne, kirusi kimoja. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari ya dunia nzima. Mwaka huohuo kundi la watafiti lilionya kwamba zaidi ya nchi 40 zilikuwa zimenunua vifaranga kutoka mahali ambapo huenda tayari palikuwa na maambukizi. Tangu 2022 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limekiweka kwenye orodha ya magonjwa ambayo nchi mwanachama ikiyaona inapaswa kuyatangaza.

Na kwetu? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliopima sato wa kufugwa na wa porini kutoka upande wa Tanzania na upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Alama za kirusi zilionekana kwa baadhi yao. Lakini samaki hao hawakuwa wakiugua. Sentensi hiyo ya mwisho huwa inaachwa inapotumwa kwenye simu, nayo ndiyo yenye uzito.

Kubeba kirusi na kuugua ni mambo mawili. Kipimo cha PCR, ambacho sote tulikizoea wakati wa korona, hutafuta kipande kidogo cha maandishi ya kirusi na kukirudufu mara nyingi mpaka kionekane. Ni kama kukuta unyayo wa mtu uani. Unajua amepita. Hujui kama bado yupo, hujui kama alikuja na wenzake, wala hujui kama alikuwa na nia mbaya. Huenda sato wetu wana kinga ya asili, huenda kirusi kilichokutwa ni kipole kuliko cha Thailand, huenda samaki hawajabanwa vya kutosha kwa ugonjwa kulipuka. Maelezo yoyote kati ya haya, au yote kwa pamoja, yanaweza kuwa kweli. Jibu la busara ni kuendelea kupima. Halihitaji kupiga kengele, na halihitaji kufunika kombe.

Ziwa Volta

Wanaodhani mambo haya ni ya Asia watazame Ghana. Ziwa Volta, lililotokana na bwawa la umeme la Akosombo, limejaa vizimba vya sato kama zinavyojaa sasa ghuba zetu. Kuelekea mwisho wa 2018 samaki walianza kufa, na safari hii walikufa kwa tani. Kwenye mashamba makubwa ziliopolewa tani kadhaa za mizoga kwa siku. Samaki walikuwa weusi isivyo kawaida, wamevimba tumbo, mashavu yamepauka, wanaogelea kama walevi.

Wafugaji wa huko walikuwa tayari na uzoefu wa ugonjwa wa bakteria, basi wakafanya walichokizoea, yaani kuchanganya dawa kwenye chakula. Vifo havikukoma. Watafiti wa Ghana na wa Uingereza walipochunguza walikuta kirusi kiitwacho ISKNV, ambacho hushambulia wengu na figo. Ni cha ukoo tofauti kabisa na TiLV. Kilijulikana kwanza China katika samaki wengine, na kwa miaka mingi kimekuwa kikisafiri pamoja na samaki wa mapambo, wale wa rangirangi wanaofugwa kwenye vioo sebuleni. Hata Australia, mwaka 2003, kirusi cha aina hiyo kiliua samaki wao wa asili wa mtoni waliokuwa wakifugwa, na lawama zikaangukia samaki wa mapambo waliotoka ng'ambo. Ghana ndiyo mara ya kwanza kilipotajwa kuua perege wa kufugwa kwa wingi barani Afrika.

Ninaikumbusha habari ya Volta kwa sababu ya ziwa letu. Januari 2024, hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba kwa mkopo. Vijana na akina mama walioingia kwenye ufugaji wanadaiwa. Mfugaji wa zamani mwenye mabwawa mawili nyuma ya nyumba akipoteza samaki anaumia, halafu anarudi kwenye mahindi yake. Mwenye kizimba cha mkopo akipoteza samaki, deni halifi pamoja nao.

Tazama saa, tazama nani anakufa

Hapa ndipo ningependa kila mfugaji akae kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya vifo vinavyotangazwa upande wetu wa ziwa haijahusiana na kirusi chochote. Imehusiana na hewa.

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Mchana mimea midogo ya majini huitengeneza kwa msaada wa jua. Usiku mimea hiyohiyo huacha kutengeneza na yenyewe huivuta. Fikiria watu kumi wamelala chumba kimoja kisicho na dirisha: saa mbili usiku wote wako sawa, karibu na alfajiri hewa ni nzito. Ziwa lililorutubishwa na mbolea za mashambani na maji machafu ya miji huwa na mimea mingi mno, kwa hiyo alfajiri yake ni nzito kuliko kawaida. Tena Ziwa Victoria lina tabaka. Maji ya chini yana oksijeni kidogo sana. Yakitulia kule kuzimu hayamsumbui mtu, ila upepo mkali au dhoruba ikiyakoroga hupanda juu, kama tope la ndoo iliyotulia ukilitibua kwa mkono. Samaki wa porini hukimbia, ingawa si wote: mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa walielea upande wa Uganda, na wataalamu wa huko wakaeleza kwamba ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Samaki wa kizimbani hana pa kukimbilia. Vifo vya Kisumu vya 2022 vilielezwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kwa namna hiyohiyo.

Sasa linganisha. Hewa ikiisha, samaki hufa usiku mmoja, mara nyingi kuelekea mapambazuko. Jana walikula vizuri, leo wameisha. Wakubwa hutangulia, kwa sababu mwili mkubwa unataka hewa nyingi. Aina zote zilizo karibu huathirika, na kambale, anayeweza kuvuta hewa ya juu, mara nyingi husalia. Kizimba cha jirani nacho kimekumbwa saa ileile. Ukimpasua samaki huoni kidonda wala uvimbe. Waliosalia, maji yakipata hewa, wanarudi kula kana kwamba hakuna lililotokea.

Kirusi hakina haraka hiyo. Huanza na samaki wachache kuacha kula. Wanajitenga, wanakaa juu ya maji au pembeni mwa wavu, hawashtuki ukipitisha mkono. Siku ya kwanza unaopoa watano, kesho kutwa ishirini, baada ya juma unaopoa kwa ndoo. Vifaranga na samaki wadogo huumia zaidi, hasa wiki chache tangu waletwe. Ngozi hubabuka, magamba hunyanyuka, jicho huingia ukungu au hutokeza nje, tumbo huvimba. Katika TiLV ini hushambuliwa sana na vifo vimewahi kufika asilimia 90 ya samaki wa bwawa. Sato wanakufa na kambale wa bwawa hilohilo wanaendelea na maisha yao. Kizimba kimoja kinawaka moto na cha pembeni bado, kisha wiki ijayo ni zamu yake.

Sumu nayo ina sura yake. Huua ghafla, na haichagui: utakuta vyura, wadudu wa majini na vifaranga vya samaki wa kila aina wamekufa, mara nyingi kuanzia upande maji yanakoingilia.

Ninaeleza kwa urahisi ili uanze kufikiri, na maisha hayafuati mistari hii kila siku. Samaki aliyedhoofishwa na hewa ndogo hushikwa na ugonjwa kirahisi. Samaki mwenye kirusi hupata na bakteria juu yake, na hapo ndipo mtu hutia dawa, vifo vikapungua kidogo, akaamini amepona. Wiki mbili baadaye anarudi dukani kununua dawa nyingine. Fedha inaisha, na bakteria wa ziwani wanazoea dawa ambazo siku moja mtoto wake atazihitaji.

Tutakula nini, basi?

Turudi kwa yule mama wa Kirumba. TiLV na ISKNV havijawahi kumuuguza binadamu. FAO ilisema hivyo katika tahadhari yake ya 2017 kuhusu TiLV. Kirusi huingia kwenye seli kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa, na vitasa vya seli zetu si vya samaki. Tena virusi hivi vimezoea mwili unaofuata ubaridi wa maji, ilhali sisi tuna joto la nyuzi 37 muda wote. Sato aliyepikwa vizuri, awe wa kizimba au wa ziwani, ni chakula safi.

Irak walilipia gharama ya kutolijua hili. Oktoba na Novemba 2018 maelfu ya tani za kapu (kwa Kiingereza carp), samaki anayechomwa katika mlo wanaouenzi kuliko yote, walielea kwenye mto Furati. Watu waliogopa hata maji ya bomba. Uvumi wa sumu iliyotiwa kwa makusudi ulienea, kila kundi likimshuku mwenzake, katika nchi ambayo haikuwa na haja ya sababu nyingine ya kushukiana. Vipimo vya maabara vilionyesha kirusi cha herpesi ambacho hushambulia jamii ya samaki hao peke yake, na ambacho hakimdhuru mtu.

Lakini sijasema ule samaki uliyemkuta akielea. Usimle, usimkaushe, usimuuze kwa bei ya kutupa. Hujui kilichomuua, na kama ni sumu kupika hakuiondoi. Hata kama ni hewa, mzoga ulioshinda juani saa kadhaa umeshajaa bakteria wa kuoza, na hao ndio wanaolaza watu hospitalini.

Njia kuu ya kirusi ni mfuko wa vifaranga

Watu hulaumu ndege. Ndege wana sehemu yao: akinyakua samaki mgonjwa hapa na kumdondosha pale, amehamisha. Maji yenyewe hubeba, kwa kuwa ukimweka samaki mzima na mgonjwa ndani ya tangi moja, TiLV huhama. Nyavu, ndoo, mitumbwi na mabuti hubeba. Lakini ukitazama ramani, Israeli, Ekwado, Thailand, Misri, hakuna ndege anayeruka njia hiyo. Inayopita njia hiyo ni biashara. Vifaranga wachanga hufungwa kwenye mfuko wa plastiki, maji theluthi, oksijeni iliyobaki, na kwa ndege ya abiria wanaweza kutoka bara moja hadi jingine ndani ya siku moja wakiwa hai na wazuri wa kutazama. Upo pia ushahidi kwamba samaki wazazi wenye TiLV wanaweza kuwarithisha watoto wao, kwa hiyo kituo cha kuzalisha vifaranga chenye wazazi walioambukizwa kinauza ugonjwa kila Jumatatu bila kujua.

Chile iliyaona haya kwa samaki wake aina ya salmoni. Mwaka 2007 kirusi cha upungufu wa damu cha salmoni, kilichojulikana Norway tangu 1984, kiliripuka kwenye mashamba ya eneo la Chiloé. Vinasaba vyake vilifanana na vya Norway, na wapo watafiti walionyoosha kidole kwenye biashara ya mayai ya samaki. Kilichokigeuza kuwa janga kilikuwa kwao wenyewe: mashamba yamebanana, boti zilezile zinazunguka kutoka shamba hadi shamba, samaki wanahamishwa kutoka ghuba hadi ghuba. Uzalishaji wa salmoni hao ulianguka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache, na maelfu ya watu wakapoteza kazi.

Nikitazama baadhi ya ghuba zetu naona picha hiyohiyo ikichorwa. Bwawa lina kingo, ukilifunga, umefunga. Kizimba ni wavu tu. Maji yaliyopita kwa samaki wangu yanapita kwa wako nusu saa baadaye, na kwa sato wa mvuvi asiyefuga kabisa. Nilipomsindikiza shemeji yangu kununua vifaranga wake wa kwanza, muuzaji alitueleza bei, ukubwa na kwamba wote ni madume. Hatukuuliza wazazi wao walitoka wapi, wala kama waliwahi kupimwa. Hakuna aliyetufundisha kwamba hilo ni swali. Vifaranga walifika usiku, tukawamimina moja kwa moja kizimbani kwa furaha. Wiki ya tatu zaidi ya nusu walikuwa wamekufa, na hadi leo hatujui kwa nini, kwa sababu wote tuliwatupa ziwani.

Makosa yetu yote ya siku ile yana dawa rahisi. Vifaranga wageni wakae peke yao, kwenye tangi au kizimba kidogo upande mkondo unakoelekea, ili maji yao yasipite kwa wenzao, wiki mbili au zaidi, na wasishirikiane wavu wala ndoo na wenzao. Muuzaji asiyetaka kusema samaki wake wazazi walitoka wapi aachwe na vifaranga wake. Vifaa vikaushwe juani kabla ya kuhama. Mizoga iopolewe kila siku na kuzikwa mbali na maji, pamoja na chokaa. Kizimba kikishavunwa kipumzike. Na idadi ya samaki ipunguzwe, hata kama karatasi ya mkopo ilipigiwa hesabu ya kubanana.

Kuhusu dawa, hakuna inayotibu TiLV wala ISKNV samaki akishaugua. Chanjo za magonjwa ya aina hii zipo katika hatua mbalimbali duniani, na salmoni wa Norway huchomwa sindano mmoja mmoja, kazi inayolipa kwa samaki wa bei kubwa kuliko kwa sato. Tumaini lililo karibu zaidi nasi lipo kwenye mbegu. Ugonjwa wa TiLV ulipoingia kwenye mabwawa ya kituo cha WorldFish, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa samaki, huko Malaysia mwaka 2018, watafiti walihesabu koo kwa koo: zipo zilizokufa zote na zipo zilizopona karibu zote, na tofauti hiyo ilirithiwa kwa kiasi kikubwa. Maana yake ni kwamba anaweza kuchaguliwa sato anayestahimili, kama ilivyofanyika kwa mihogo inayostahimili ugonjwa wa batobato. Sisi tuna sato wa asili katika maziwa na mito yetu, na baadhi yao pengine wanazo sifa hizo tayari. Kila tunapoingiza vifaranga wa kigeni kwa sababu wanakua haraka, tunahatarisha hazina hiyo mara mbili, kwa ugonjwa na kwa kuchanganya damu.

Samaki wakianza kufa kwenu, andika siku, saa, idadi na ukubwa wao kabla ya kufanya jambo jingine, na upige simu kwa afisa uvuvi siku hiyohiyo. Pima oksijeni alfajiri kama kifaa kipo. Kisha chagua samaki wa kupeleka maabara. Wengi hupeleka aliyekwisha kuvimba na kunuka, na maabara haiwezi kusoma kitu kwa mzoga uliooza. Wanaotakiwa ni wale wanaohema juu ya maji, wagonjwa lakini hai, watano au zaidi. Wasafiri wakiwa hai ndani ya maji yao, au wakiuawa hapohapo wafungwe kwenye mifuko, kila mmoja wake, na kuzikwa kwenye barafu bila kugandishwa. Pamoja nao peleka wawili wazima kutoka kizimba ambacho bado hakijaguswa.